Kinoo Kilichonyamaza

Ssii.

Hivyo ndivyo kilivyolia kinoo cheupe asubuhi ya kwanza ya Mama Povu jikoni, miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hajaitwa hivyo, alipoingia amevaa aproni iliyomfika vifundoni na mabuti ya mpira ya kuazima. Ssii, kimya kidogo, ssii tena, kama mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kuungua ulimi. Aligeuka kumtafuta aliyeungua. Akamwona mjomba wake, ndugu wa mama yake, ameinamia meza fupi kando ya sinki, anapitisha kisu juu ya jiwe jeupe, refu kama kipande cha mche wa sabuni, nene kama vidole viwili.

"Usiogope," mjomba alisema bila kuinua uso. "Ni kinoo tu. Cha kauri hicho. Kisu kikilala vibaya, chenyewe kinasema."

Mjomba ndiye aliyemtafutia kazi ile, akamkabidhi masinki matatu ya chuma yaliyopangwa ukutani kama watoto wa darasa moja: la kwanza la mabaki, la pili la povu, la tatu la kusuuzia. Jiko lilikuwa chini ya jengo la hospitali. Madirisha yake yalikuwa juu sana, na kilichoonekana humo ni miguu ya watu tu, wanaoingia na wanaotoka, wenye haraka na wenye magongo. Sahani mia sita, mara tatu kwa siku. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekumbuka jina lake. Walimwita Mama Povu, naye akaitika, maana jina ni kama kiatu: likishakukaa, hulivui kwa urahisi.

Kwa miaka yote hiyo sinki lake na meza ya mjomba vilikuwa jirani, hatua mbili tu kati yao. Yeye akiosha, mjomba akinoa. Siku za Ijumaa kazi ikipungua, mjomba alimruhusu kunoa visu vidogo vya mboga. Aliweka sarafu mbili juu ya kinoo, akalaza mgongo wa kisu juu yake, akasema, "Kilale hivyo hivyo. Kisipande, kisishuke. Sasa ondoa sarafu, lakini mkono usijue kwamba zimeondoka." Mama Povu alicheka, lakini mkono wake ukajifunza. Ilifika mahali akawa anajua, mgongo wake ukiwa umegeukia meza na mikono imezama kwenye povu, ni kisu gani kiko juu ya jiwe na kama kinakaribia kuwa tayari au la.

Kwa hiyo ni yeye peke yake aliyesikia kinoo kinanyamaza.

Hakikunyamaza siku moja. Sauti ilififia kidogo kidogo, kama saa ya ukutani ambayo huisikii mpaka siku unayogundua kwamba imesimama. Ile ssii nyembamba ikawa shhh, kisha ikawa mtelezo mtupu. Mjomba akaanza kukandamiza kwa nguvu zaidi. Kisu kilichokuwa kikinolewa kwa dakika tano kikataka robo saa. "Vyuma vya siku hizi," mjomba alilalamika, "ni mabati yaliyosoma." Kisha alistaafu, wakamkatia keki kwa kisu kisichokata, akaenda zake. Mwaka mzima meza ya visu ikakaa bila mwenyewe. Wapishi wakawa wananoa kwenye matako ya sahani, pale chini kwenye duara lisilong'aa, na Mama Povu akawa na kazi mpya ya kufuta mistari myeusi chini ya sahani za wagonjwa.

Mwaka huohuo mikono yake ikaanza kumgomea. Kwanza iliwasha. Kisha ikapasuka kwenye viungo, mpasuko juu ya mpasuko, kama ardhi iliyokosa mvua, ingawa yenyewe ilishinda majini. Glovu zilizidisha, ndani yake mikono ilichemka. Daktari wa ngozi, ghorofa ya pili ya hospitali ileile, aliishika mikono hiyo kwenye mwanga na kuigeuza.

"Mama, wewe na sabuni muachane."

"Daktari, huyo ndiye anayenilisha."

"Basi tafuta kazi nyingine humohumo jikoni. Kazi ya mikono mikavu. Nikupe miezi mitatu, kisha tutakuwa tunazungumza habari nyingine."

Alishuka ngazi akihesabu kazi za jikoni. Kupika hakusomea. Kugawa chakula kwataka miguu ya vijana. Kazi ya mikono mikavu ilikuwa moja tu, na ilikuwa hatua mbili kutoka pale aliposimama kila siku.

Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuombea ile meza, Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, mpishi mkuu alipokuja na tepu ya kupimia. Huyu alikuwa mtu wa kofia ndefu na maneno mafupi. Jiko zima lilimwita Shefu. Alipima meza ya visu, urefu, upana, akaandika kwenye kiganja.

"Friji jipya litakaa hapa," alisema. "Meza itatoka. Jumatatu fundi wa mashine ya kunolea anakuja kuchukua visu. Atakuwa anavichukua kila wiki na kuvirudisha."

"Shukrani kwa mbingu," alisema mkata vitunguu, kijana mnene aliyeitwa Machozi kwa sababu zinazojulikana. Wakati huo macho yake yalikuwa mekundu na kisu chake kilikuwa kinaponda kitunguu badala ya kukikata. "Shefu, mimi nyumbani mke wangu anadhani nimefiwa kila siku."

Shefu alifungua droo ya meza, akatoa vinoo viwili, kimoja cha kijivu na kimoja kilichokuwa cheupe zamani. Vyote viwili sasa vilikuwa vyeusi, vinang'aa, vinateleza. Alipitisha dole gumba. "Hivi vimekufa. Tupa."

Akavinyoosha kwa Mama Povu, kwa kuwa ndoo ya taka ilikuwa karibu naye. Mama Povu alivipokea. Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa yale maneno aliyoyatafuta wiki nzima.

"Shefu, naomba niende navyo nyumbani."

"Unajenga?"

"Nikavioshe."

Jiko likacheka. "Huyu mama," Machozi alisema, akijifuta kwa bega, "siku moja ataosha mvua."

Mama Povu alipiga moyo konde. "Vikipona, Shefu, naomba nikae mimi kwenye hii meza. Mikono yangu haitaki tena maji. Mjomba alinifundisha."

Shefu aliitazama mikono ile, kisha akaangalia pembeni upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila hodi. "Jumatatu asubuhi, kabla fundi hajafika, nataka kuona kisu kimoja kilichonolewa kwenye hayo mawe. Kikikata, tutazungumza. Kisipokata, meza inatoka na visu vinakwenda."

Mama Povu alivifunga vinoo kwenye kitambaa na kwenda navyo nyumbani amevipakata tumboni kama mkate wa moto.

Mume wake alikuwa fundi viatu. Karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba yao: kigoda, sanduku la misumari, viatu visivyo na wenzake vikingoja zamu. Alimwona mkewe anafungua kitambaa, akatoa misumari mdomoni.

"Wanawake wengine huleta nyama kutoka jikoni. Wewe umeleta mawe."

"Haya ndiyo nyama yetu. Ngoja uone."

Aliweka beseni, akajikaza kisabuni kama alivyozoea kusema kwa wageni wa sinki, akachukua stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Hiyo ilikuwa silaha yake ya miaka kumi na tisa. Hakukuwa na ukoko uliowahi kuishinda. Alisugua kinoo cheupe mpaka jasho likamdondoka puani. Akasuuza. Akatazama.

Kilikuwa kimezidi weusi. Kimepata hata mng'ao mpya, wa kijivu, kama risasi.

Akadhani bado hajasugua vya kutosha. Akabadilisha stilwaya, akasugua tena, upande wa pili, pembe kwa pembe, mpaka mpasuko wa kidole ukafunguka na maji ya beseni yakapata rangi nyekundu. Kinoo kikang'aa zaidi. Alipopitisha kisu cha nyumbani kiliteleza kimya, kama mtu anayepita mbele ya anayemdai.

Mume wake alikuja akasimama. "Umekiosha au umekipiga rangi? Mimi nina wateja wanaolipia viatu ving'ae hivyo."

Aliinama tena juu ya beseni. Mume wake, aliyejua ni wakati gani utani umefika mwisho, alichuchumaa, akaushika mkono uliokuwa unavuja damu na kuufunga kwa kitambaa cha kufutia viatu, kile kisafi.

Jumamosi alitoka kazini mapema akaenda kwa mjomba.

Mzee aliishi chumba kimoja chenye mwanga mzuri. Kitanda kimetandikwa kikanyooka, redio imefunikwa kitambaa, na kando ya dirisha yeye mwenyewe anamenya chungwa kwa kisu chake cha kukunja. Ganda lilikuwa linashuka lote kwa pamoja, utepe mmoja usiokatika. Kisu kile hakikuwahi kuguswa na mtu mwingine. "Mswaki na kisu cha mfukoni haviazimwi," alikuwa akisema, na hata marehemu mke wake hakukigusa.

"Mjomba, vile vinoo ulikuwa unavisafishaje?"

"Kusafisha?" Mjomba alisimamisha kisu. "Jiwe huoshwa? Jiwe ni mtoto mchanga?"

"Vimekuwa vyeusi. Vinateleza."

"Mimi nilikuwa navitunza. Kila asubuhi matone matatu ya mafuta, ninafuta, ninanoa. Seremala aliyenifundisha, ujana wangu, hakuanza kazi bila kutia mafuta jiwe lake. Kwake jiwe lilidumu mpaka akazikwa."

Mama Povu alitazama dirishani. Pale juu ya ubao kilikuwepo kichupa kidogo cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu, kimefutwa vizuri, kinangoja kazi ambayo haikuwepo tena. Aliwaza jiwe la seremala. Lile lilikuwa jiwe la namna nyingine, laini, la kunywa mafuta. Hiki cha kauri hakinywi kitu. Mafuta yaliyowekwa juu yake yalibaki juu yake, yakashika vumbi la chuma, yakaganda, siku moja juu ya nyingine, miaka. Mzee aliyekipenda kinoo kile kuliko mtu yeyote ndiye aliyekiziba mdomo, tone kwa tone, kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Kimezeeka," mjomba alisema, akarudi kwenye chungwa. "Vitu huzeeka. Kimefanya kazi yake, wakitupe. Ndiyo dunia."

Utepe wa ganda ulikatika. Wote wawili waliuona umelala sakafuni. Mama Povu alijua kwamba aliyekuwa anasemwa hapo si kinoo peke yake. Alikuwa amekuja na swali na sasa alikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa na makali pande zote mbili. Ulimi ukakataa kulishika. Alikula nusu ya chungwa, akaaga.

Usiku huo alimsimulia mume wake. "Ningemwambiaje? Ni mjomba wangu. Kila nilicho nacho ni yeye aliyenishika mkono."

"Usimwambie leo," fundi viatu alisema. "Lakini siku ikifika, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa." Kisha akasikia alichosema, wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumapili, baada ya chakula, Mama Povu alikuwa anaosha sahani mbili za nyumbani kwake. Alipogeuza ya pili aliona mstari mweusi chini yake, kwenye lile duara lisilong'aa.

"Umenoa tena kisu chako cha ngozi kwenye sahani yangu."

"Mara moja tu," sauti ya mume wake ilitoka kibarazani.

Alichovya kitambaa kwenye unga wa kusugulia, akakizungusha juu ya mstari, mara mbili, bila hata kufikiri. Ukatoka. Alikuwa ameshaiweka sahani kwenye waya wa kukaushia, akairudisha mkononi.

Akaitazama. Akakitazama kinoo pale kwenye kona alipokiacha kimesusa.

Kulikuwa na sheria moja aliyowafundisha wote waliopita kwenye masinki yake, siku ya kwanza, kabla hata hawajafunga aproni: chuma kwa sufuria, kitambaa kwa sahani. Ukisugua sahani ya kauri kwa stilwaya huisafishi, unaichora, kwa sababu kauri ni ngumu kuliko chuma. Chuma ndicho kinacholika na kubaki juu yake, cheusi. Hata msichana wa siku ya kwanza hakurudia kosa hilo. Na yeye, Mama Povu wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameona jiwe akafikiri sufuria. Kinoo cha kauri hakikuwa sufuria. Kilikuwa sahani isiyopakwa mng'ao. Yeye na mjomba wake wote wawili walikuwa wamefanya kosa moja: kila mmoja alikileta kinoo kwenye kazi anayoijua, hakuna aliyekiuliza chenyewe ni nani.

"Mjinga mimi," alisema, kwa furaha ambayo si kawaida ya maneno hayo.

Basi akakiosha kama sahani. Sahani yenye mafuta haianzi kusuguliwa, huanza kulowekwa. Aliweka maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa kuwa alishawahi kusikia sahani inavyosema tik ikitolewa kwenye maji yanayochemka na kutiwa kwenye baridi. Akatia sabuni ya maji, akavilaza vinoo vyote viwili, akamwomba mume wake amkumbushe baada ya kiatu kimoja. Kiatu kilipoisha, maji yalikuwa na rangi ya chai. Akayamwaga, akatia mengine. Kiatu cha pili, maji ya hudhurungi. Cha tatu, yakabaki meupe. Na alipopitisha kidole, ule utelezi wa miaka ulikuwa umekwenda.

Sasa unga wa kusugulia, kitambaa laini, maji kidogo, duara juu ya duara. Safari hii hakukandamiza. Weusi ukaanza kuhamia kwenye kitambaa. Akakigeuza kitambaa, akaendelea. Mkono ulimwasha, akapumzika, akaendelea. Jua lilipofika kwenye kizingiti, kinoo cha kijivu kilikuwa kimerudi kijivu chake. Kile cheupe kilikuwa cheupe pembeni, lakini katikati, pale ambapo visu vilipita zaidi, kulikuwa na kivuli kisichotaka kutoka. Vidoa vidogo vya chuma vilikuwa vimejipenyeza ndani ya vinyweleo vya kauri, vikakaa humo kama wapangaji wa zamani.

Mume wake alikuwa amesogea na kigoda chake. Alitazama kile kivuli muda mrefu, kwa jicho la mtu wa kazi.

"Msasa wangu ukijaa vumbi la ngozi," alisema, "huwa siutupi." Akafukua chini ya sanduku la misumari, akatoa kipande cha raba mbichi ya soli, cha njano, kilichochakaa pembe. "Ninaupitishia hiki. Kinavuta uchafu. Lakini kwanza ukikaushe. Raba haipendi maji."

"Miaka yote hiyo unacho na husemi?"

"Uliuliza? Ulisema ni nyama."

Walikianika kinoo kivulini, juu ya kitambaa, mbali na ukingo, kwa sababu kauri ni ngumu kuliko chuma lakini moyo wake ni kama wa yai: kikianguka mara moja tu, kimekwisha. Kilipokauka alisugua kwa raba. Makombo ya kijivu yakaanza kukunjamana na kudondoka, kama makombo ya ufutio wa mtoto wa shule. Akapuliza. Akasugua tena. Kivuli kikapungua, kikawa wingu, wingu likawa pumzi tu kwenye kioo, halafu hapakuwa na kitu.

Alichukua kisu cha jikoni kwake. Akakilaza, sarafu mbili zisizokuwepo, akasukuma.

Ssii.

Mume wake aliinua kichwa kutoka kwenye kiatu. "Umeungua?"

"Hapana," alisema. "Kimesema."

Jumatatu alifika jikoni mapema kuliko moto. Alichukua kisu cha Machozi, kilichokuwa na hali mbaya kuliko vyote, akakianza kwenye kinoo cha kijivu, kikavu, bila tone la kitu chochote, akisikiliza. Upande mmoja mpaka akahisi kwa kidole ule upindo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili. Akageuza. Kisha kinoo cheupe, kwa mkono mwepesi, mpaka sauti ikawa nyembamba na ndefu. Mwisho akakipitisha kwenye kipande cha ngozi alichopewa na mume wake, kinyumenyume, kama mtu anayempapasa paka. Akakirudisha juu ya ubao wa Machozi, akaenda kwenye sinki lake, akawasubiri.

Machozi aliingia anapiga miayo, akamwaga gunia la vitunguu, akaanza. Tak, tak, tak. Alikata kimoja. Alikata kumi. Alipofika nusu ya beseni alisimama, akajigusa chini ya jicho.

"Jamani," alisema taratibu. "Mbona leo silii?"

Shefu alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake fundi wa mashine, mzee mpole mwenye ovaroli, na sanduku la kubebea visu. Shefu alikwenda, akachukua kile kisu, akachukua nyanya iliyoiva mpaka imelegea, akakiweka kisu juu ya ngozi yake na kukivuta bila kukandamiza. Kisu kilishuka. Kipande kilikuwa chembamba kiasi kwamba rangi ya ubao ilionekana upande wa pili. Akampa fundi. Fundi alikiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa jicho moja toka mpini hadi ncha.

"Nani kakinoa?"

Mama Povu alitoa mikono kwenye povu. Alikuwa amejizuia asigeuke, na sasa aligeuka, maji yakidondoka.

Fundi alimwamkia kwa kichwa, kama mafundi wanavyoamkiana. "Mashine yangu haiwezi hivi," alimwambia Shefu. "Mashine inakula kisu. Huyu anakinoa tu. Kama una visu vya mashine ya kusagia nyama, nipe hivyo nisiondoke mikono mitupu."

Shefu alimpa. Kisha akafungua kiganja, akatazama vile vipimo vya friji kama bado vipo.

"Mwezi mmoja," alisema. "Asubuhi meza, mchana sinki. Mwezi ukiisha visu viko hivi, sinki litatafutiwa mtu. Friji litajibanza kwingine."

"Na mimi?" Machozi alisema. "Mmeniharibia jina. Nitaitwa nani sasa?"

Hakupata jina jipya; walimwita Machozi vilevile, kama ambavyo Mama Povu naye alibaki Mama Povu hata alipokaa mbele ya visu thelathini na kimoja vilivyopangwa kwa urefu. Mwezi ulipita. Kila Ijumaa, kazi ikiisha, aliviosha vinoo: maji ya vuguvugu, unga, kitambaa; kivulini vikauke; kisha raba. Haikuchukua muda hata wa kunywa chai. Kinoo kikianza kusema shhh kabla ya Ijumaa, hakusubiri Ijumaa. Mipasuko ya mikono ilifunga mmoja baada ya mwingine, si yote, lakini daktari wa ngozi aliigeuza mikono kwenye mwanga na safari hii hakutaja miezi. Siku ya mwisho ya mwezi, Shefu aliingia na mama mmoja mgeni, aliyevaa aproni iliyomzidi kimo, akamwelekeza kwenye masinki. Mama Povu alimsogelea, akamwambia jambo la kwanza kabla hata hajafunga kamba: chuma kwa sufuria, kitambaa kwa sahani.

Jumamosi yake aliomba ruhusa, akakifunga kinoo cheupe kwenye kitambaa, akaenda kwa mjomba.

Alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na maneno mazuri, ya heshima, yanayozunguka kona kabla ya kufika. Lakini mjomba alipofungua mlango, aliona ni afadhali kinoo kitangulie. Alikiweka juu ya meza ya dirishani, kwenye mwanga. Mzee aliutazama weupe wake bila kukitambua. Mama Povu akatoa kisu cha mboga alichokuja nacho, akakilaza, akasukuma mara moja.

Ssii.

Mjomba alikaa kitandani, polepole.

"Rudia."

Alirudia. Mzee alifumba macho. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinakwenda na kurudi juu ya goti, kikifuata.

"Nilidhani ni masikio yangu," alisema baadaye. "Miaka ile ya mwisho. Nilidhani masikio yangu ndiyo yameondoka. Sikumwambia mtu." Akafumbua macho. "Ulikitia nini?"

"Nilikiosha, Mjomba. Kwa sabuni. Kama sahani."

Mzee alitazama kinoo, kisha dirisha, kisha kile kichupa chenye mdomo mrefu kilichosimama pale juu ya ubao, kimefutwa vizuri. Aliyaweka mambo hayo pamoja mwenyewe, na Mama Povu alimwacha ayaweke, kwa sababu kuna habari ambazo mtu mzima anastahili kujiletea kwa miguu yake. Hatimaye mjomba alicheka, cheko fupi, kupitia puani.

"Yule seremala," alisema. "Kama yupo mahali, na ajibu."

Aliinuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, akakifungua. Ubavu wa makali ulikuwa na vipengo vidogo ambavyo asingeviona kwa macho yake ya sasa. Akakigeuza, akamnyooshea mpini.

"Kinoe."

Mama Povu alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani miaka yote. Akavuta kigoda, akakaa, akakilaza kisu juu ya jiwe. Mjomba, kwa mazoea ya maisha mazima, alishanyoosha mkono kwenye ubao wa dirisha, na mdomo mrefu wa kichupa ulikuwa umeshainama, tone la kwanza linakusanyika nchani.

Mpwa wake aliweka kiganja juu ya kinoo, kukifunika, akainua macho, akatabasamu, na kusema kwa sauti ambayo hata redio iliyofunikwa isingeisikia:

"Bila mafuta, Mjomba."